Guta Langu Halimo Kwenye Orodha

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mvua ya asubuhi ilikatika mapema, jua likatoka na hasira, nami nikatoka nalo.

Leo nimesimama mbele ya mtaa mzima nikamjibu kiongozi. Naandika mbio, kwa hiyo herufi zikiruka, nivumilie. Nataka kuandika kabla sijapoa. Nikipoa nitaanza kuwa na adabu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Zulfa, mshonaji wa sare za shule kwa miaka kumi na moja. Nimezaliwa Rwezamenyo, hapa hapa Kigali, ambako babu yangu alifika kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Kiswahili nilikikuta nyumbani, shule ya Kigoma ikakinyoosha. Sasa ninaishi Niboye na mama yangu. Na nina guta.

Tuseme nina guta lililofungwa.

Watu wa Dar es Salaam hawahitaji maelezo. Kwa wengine: guta ni baiskeli ya magurudumu matatu yenye jukwaa la mizigo nyuma. Langu tuliliondoa jukwaa, tukaweka kiti cha watu wawili, chenye mgongo na mkanda. Alilichomelea fundi mmoja wa Gahanga ambaye maisha yake yote ametengeneza mageti, ndiyo maana ubavuni lina maua ya chuma kama nyumba ya tajiri. Paa la turubai nilishona mwenyewe, nikalipiga pindo kwa mabaki ya vitambaa vya sare, bluu ya shule hii na damu ya mzee ya shule ile. Mwendeshaji ni Bonifasi, mwanamume wa makamo aliyekuwa umunyonzi, yaani mwendesha baiskeli ya abiria, kwa miaka mingi kule upande wa Bugesera. Mashavu ya miguu yake ni magumu kiasi kwamba wanawake wa mtaani huyatania waziwazi.

Najua unachowaza. Pedali, tena Kigali? Nilichekwa sana. Lakini mtu wa Niboye anajua kwamba huku juu, kati ya vichochoro vyetu, kituo cha afya na soko, barabara imelala. Kuna mteremko mmoja tu. Wakiupanda wakati wa kurudi, Bonifasi hushuka akasukuma, na abiria humwombea, kila mmoja kwa dini yake.

Nilianza kwa ajili ya mama. Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akawekewa chuma. Tangu siku hiyo hawezi kupanda moto, yaani pikipiki ya abiria, maana lazima upanue miguu. Gari nalo halifiki, kichochoro chetu ni chembamba, linaishia kule kwenye bomba la maji, na kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua ambazo kwake ni safari. Mwanamke aliyekuwa hakosi darsa ya Alhamisi msikitini alikaa ndani miezi minane akiangalia ukuta wa jirani. Nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima kichochoro, nikampelekea fundi vipimo. Guta linapita. Kila upande unabaki upana wa kiganja.

Siku ya kwanza mama alipolipanda, aliketi wima, mkoba mapajani, akamwambia Bonifasi, "Twende, lakini usinikimbize. Niko na watu ya kusalimia."

Aliwasalimia wote. Tulichelewa darsa.

Baada ya mama akaja Mukecuru Felisita (mukecuru ni bibi kizee), jirani yetu wa nyumba ya tatu, anayekwenda kupimwa presha. Halafu Mzee Anasteri, aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, ambaye alikuwa amekosa misa tangu mwaka jana. Halafu wengine. Mtaa huu una wazee wengi kuliko nilivyojua, kwa sababu walikuwa hawaonekani.

Sasa niandike kosa langu, tena niliandike wazi, asije mtu akanisimulia.

Hapa kwetu kila nyumba ina daftari la imihigo. Kila mwaka mnaandika mnachoahidi kutimiza: kulipa bima ya afya, kupanda mti wa matunda, kukarabati choo. Mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa nyumba zetu hizi chache, hupita akasoma, akasaini, akapiga muhuri. Mwaka huu nami niliandika: "Tutaweka guta moja la kubeba wazee na wagonjwa." Mkuu wetu ni Mzee Gasana. Alikulia Uganda, akafanya kazi ya ukarani huko mpaka mvi, na bado anaishi kama yuko kwenye meza yake ya masjala. Alisoma ahadi yangu mara mbili, akaongeza nukta niliyoisahau, akasaini, akapiga muhuri.

Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikauona ule muhuri nikadhani ni kibali.

Usinicheke peke yangu. Nimewauliza wanawake sita wa mtaa huu na wanne wangefanya vilevile. Sisi tumelelewa na mihuri. Ukiona duara la wino wa bluu, moyo unatulia.

Wiki mbili zilizopita wakaguzi wawili walimsimamisha Bonifasi mbele ya kituo cha afya, Mukecuru Felisita akiwa kwenye kiti. Kibali? Bonifasi akatoa simu akawaonyesha picha ya daftari la imihigo. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakamshusha mukecuru wa watu, wakalisukuma guta hadi uani kwa ofisi ya umurenge, yaani kata, wakalifunga mnyororo kwenye nguzo. Bonifasi alimrudisha Felisita nyumbani kwa miguu, akimshika mkono, wakipumzika kila penye ukuta wa kukalia. Walitumia saa nzima na zaidi. Bonifasi aliponisimulia hakuniangalia usoni.

Nikaambiwa: lete kibali kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo litapigwa mnada pamoja na vyuma chakavu.

Mwisho wa mwezi ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Hizi wiki mbili nimepigwa danadana ambayo timu ya taifa ingeionea wivu. Nilianza kwa dada anayejaza fomu za mtandaoni pale karibu na soko. Akafungua ukurasa wa vibali, akashuka na orodha: gari dogo, basi, lori, moto, trekta, baiskeli. Tukachagua baiskeli. Ukurasa ukauliza ni baiskeli ya chama gani. Tukarudi, tukachagua "nyinginezo". Ukauliza namba ya injini. Dada akaniangalia. Nikamwambia andika BONIFASI. Akaandika kweli, tukacheka, ukurasa ukakataa. Unataka tarakimu.

Nikaenda kwenye chama cha abanyonzi, wale waendesha baiskeli za abiria. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema baiskeli ina magurudumu mawili na abiria mmoja. Yangu ina matatu na wawili, kwa hiyo si baiskeli, aende wapi nayo? Nikaenda wilayani. Wakasema visivyo na injini ni mambo ya umurenge. Nikaenda umurenge. Wakasema vinavyobeba abiria kwa malipo ni mambo ya ofisi kubwa ya usafiri, kule mjini. Nikaenda mjini, nikakaa kwenye foleni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na bwana mmoja mpole sana akanielezea kwamba yeye hana tatizo na guta langu. Hana tatizo hata kidogo. Ila hawezi kukisajili kitu ambacho hakina aina. Akaniambia: niletee karatasi yoyote ya uongozi, yenye muhuri, inayosema hiki ni chombo cha aina gani na kwamba kinabeba watu, mimi nitafungua faili leo leo.

Nikamwambia hiyo karatasi ndiyo niliyoifuata kwake.

Akasema, hapana, inatoka chini.

Nikarudi chini. Chini wakasema inatoka juu.

Nilipofika nyumbani siku hiyo nilivua viatu nikavitupa ukutani, kimoja baada ya kingine. Sijawahi kufanya hivyo tangu nikiwa msichana.

Na mama? Nilimdanganya. Nilimwambia guta liko kwa fundi linapakwa rangi. Siku ya kwanza alikubali. Wiki ya kwanza alinyamaza. Alhamisi iliyopita, darsa ya pili bila yeye, aliniita nikiwa kwenye cherehani.

"Wewe Zulfa, langi gani hiyo inakaukaga wiki mbili?"

Nikamwambia ukweli wote. Nilitarajia alie. Alikasirika, lakini si kwa sababu ya guta.

"Umenificha kama mimi niko mutoto? Mimi nilizaa wewe. Nyonga ndiyo ilivunjika, kichwa iko mzima."

Alisema kweli, na iliniuma. Nilikuwa nalalamika kwamba ofisi zote zinamfanya mama asionekane, na mimi mwenyewe nimemfungia ndani na uongo juu.

Ni yeye aliyenituma kwenye inteko. Kwa wasiojua: Jumanne mchana maduka hufungwa, watu hukusanyika uwanjani, viongozi huketi mbele, na mwenye shida husimama akaisema mbele ya wote. Mama akasema ofisini mtu anajibiwa peke yake, uwanjani anajibiwa mbele ya majirani, na si jibu moja. Alitaka twende wote. Asubuhi hii alioga mapema, akavaa kitenge chake cha kijani na mtandio wa Idi, akakaa mlangoni. Mvua ilipokatika alisimama na fimbo, akatembea hadi kona ya kwanza. Hapo akashika ukuta. Nilimwona anavyohesabu kwa macho umbali uliobaki. Kisha akageuka mwenyewe, bila mimi kusema neno, akarudi kuketi mlangoni.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nitasikilizia kutoka hapa."

Kutoka pale huwezi kusikia kitu.

Basi nilikwenda nikiwa nimewaka.

Uwanja ulijaa, nyasi bado mbichi, wengine wamekalia mifuko ya plastiki. Mbele kulikuwa na meza moja, viti vitatu. Katikati alikaa afisa wa umurenge anayeshughulika na biashara, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, koti limemkaa vizuri (nilitazama mishono, ndiyo kazi yangu, pindo la mkono lilikuwa safi). Pembeni yake Mzee Gasana na daftari lake la kumbukumbu, kwa sababu kwenye kila mkutano mtaani kwetu mwandishi ni yeye. Hakuniangalia. Tangu guta lishikwe alikuwa ananikwepa. Mimi nami, nikiri hapa, nilikuwa nimemsema vibaya pale bombani. Nilisema kwamba Mzee Gasana ana wino mwingi kuliko damu. Watu walicheka na bila shaka yalimfikia.

Zamu yangu ilifika baada ya ugomvi wa mtaro na mbuzi aliyekula maharage. Nikasimama. Nilizungumza Kinyarwanda, hapa natafsiri. Nikaeleza yote: guta, daftari la imihigo, mnyororo, ofisi nne. Nilipofika kwenye BONIFASI na namba ya injini, uwanja ulicheka, na Bonifasi aliyekuwa nyuma akainua mkono kuonyesha kwamba injini ipo na inafanya kazi.

Afisa naye alitabasamu. Kisha akasema kitu kilichoonekana cha haki kabisa.

"Dada, nimekusikia. Unasema wazee na wagonjwa wa mtaa huu wanakitegemea chombo chako. Lakini mimi nawaona hapa vijana, na akina mama wenye nguvu zao. Hao wazee wako wapi? Kama shida ni yao, mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuisema?"

Watu wakageuka kutazamana. Kweli, hakukuwa na hata mmoja. Nilisikia mtu nyuma yangu akiguna kama anayekubaliana naye. Kwa sekunde moja hivi nilihisi nimeshindwa, kwamba nimebuni watu wangu mwenyewe.

Halafu nikamwona mama akiwa ameshika ule ukuta.

"Muyobozi," nikasema, ndiyo kusema kiongozi, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "hawapo kwa sababu chombo cha kuwaleta mmekifunga mnyororo uani kwenu."

Nikaelekeza kidole upande wa kichochoro chetu.

"Mama yangu amevaa tangu alfajiri. Alifika kona ya kwanza akarudi. Ukitaka kumwuliza, yuko mlangoni anatusikilizia."

Aliyeanza kupiga makofi ni yule mama wa mbuzi. Wakafuata wengine. Afisa alishusha macho kwenye karatasi zake akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika. Mimi sikukaa. Mtu mwenye shida anatakiwa kukaa akishasema. Nilibaki nimesimama, nikijiambia maji nimeyavulia nguo, nitayaoga.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule mwanamke angeweza kunikemea, hakunikemea. Alisema: "Sawa. Nitarudi hapa Jumanne ijayo. Nataka kuwasikia wao wenyewe. Wawepo."

"Watakuja kwa kitu gani?" nikauliza.

Akavuta pumzi. "Kwa hicho chombo chako. Kitatolewa siku hiyo, kiwalete wazee kwenye inteko, kisha kirudi uani mpaka suala liamuliwe. Mzee, mwandikie ruhusa, nitasaini."

Hapo ndipo Mzee Gasana alipoanza ugonjwa wake. Alifungua daftari ukurasa mpya, akanyoosha karatasi kwa kiganja, akavaa miwani, akaandika kichwa cha barua. Akasimamisha kalamu.

"Muyobozi, ni ruhusa ya kitu gani?"

"Ya hicho chombo."

"Karatasi ya serikali haiandikwi 'hicho chombo'," akasema, kwa upole wa kuudhi. "Kinaitwaje?"

Uwanja ukaanza kumsaidia. Mmoja akasema guta, mwingine igare, yaani baiskeli, mwingine akapaza sauti, "Andika geti!" kwa sababu ya yale maua. Afisa alikuwa anatazama saa. Akamwambia, andika baiskeli ya magurudumu matatu. Mzee akaandika. Akasimama tena. Ya mizigo au ya watu? Ya watu, si umesikia. Watu wangapi kwa mara moja? Wawili. Wanakaa kwenye kiti chenye mkanda? Mimi nikasema ndiyo. Mwendeshaji nani? Bonifasi akaja mbele na kitambulisho. Barabara zipi? Akazitaja moja moja, kuanzia kichochoro chetu hadi uwanjani. Watu walianza kuguna. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuma meno. Nilifikiri mzee huyu anataka afisa achoke aondoke bila kusaini. Nilikuwa karibu kusema neno baya la pili.

Hatimaye akamaliza. Afisa akasaini akiwa amekwisha kusimama, muhuri ukapigwa, akaelekea kwenye gari.

Mzee Gasana aliniletea karatasi mwenyewe, akiishika kwa vidole viwili pembeni ili wino usichafuke. Ni mara ya kwanza kunikaribia baada ya wiki mbili. Aliongea Kiswahili chake cha Kampala.

"Zulfa, hii usiikunje. Toa kopi. Nyingi."

Akaenda zake kukusanya viti.

Nilitembea nusu ya njia nikiwa bado nimekasirika, barua nimeibeba wazi kama sahani ya mchuzi. Pale bombani nikasimama kuisoma. Inasema kwamba uongozi unaruhusu baiskeli ya magurudumu matatu ya kubeba abiria, yenye kiti cha watu wawili na mikanda, inayoendeshwa na fulani, kubeba wakazi kwenye barabara za Niboye zilizotajwa. Saini. Muhuri. Bluu, duara kamili.

Karatasi yoyote ya uongozi, alisema yule bwana mpole wa mjini, inayosema hiki ni chombo cha aina gani na kwamba kinabeba watu.

Inatoka chini.

Nilikaa kwenye ukingo wa bomba, ndoo za watu zikinizunguka. Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaona aibu kwa yale niliyosema mahali pale pale kuhusu wino na damu. Kesho kabla ya kwenda mjini nitapita kwa Mzee Gasana kumwomba radhi, na nitamwomba kwa sauti, pale bombani, kwa sababu nilimtukania pale.

Nimetoa kopi tano. Moja ya ofisi kubwa ya usafiri. Moja ya umurenge. Moja ya wilaya. Moja ya mwenyekiti wa abanyonzi, ili ajue kwamba kitu kisichokuwa baiskeli sasa kina jina. Ya tano nimempa dada wa fomu, kwa kuwa chini ya "nyinginezo" kuna mahali pa kuambatanisha waraka, na tulikuwa hatuna waraka.

Sijui kama litafanikiwa. Niwe mkweli: yule bwana mpole anaweza kugundua kesho kwamba muhuri huu ni mdogo mno, au kwamba faili lifunguliwe mwezi ujao, na mwezi ujao guta litakuwa vyuma vya nondo. Nimeliwaza hilo tangu nikae hapa. Lakini wiki mbili zilizopita nilikuwa nazunguka na picha ya daftari kwenye simu. Kesho naingia na karatasi mkononi, na sitaki kiti. Nitasimama mpaka faili lifunguke. Nimegundua leo kwamba kusimama nakuweza.

Mama nilimkuta palepale mlangoni, mtandio haujalegea hata kidogo. Alitaka kusomewa barua. Hajui kusoma, lakini ni msikilizaji wa kutisha. Ukimruka neno anakurudisha. Nikamsomea polepole, neno kwa neno. Alifurahia sana mahali pa kiti chenye mikanda. Bonifasi alikuwepo pia, anakunywa chai, na jina lake lilipofika akaomba nilirudie.

"Boss, hapo waliandika mimi muzuri," akasema. "Engine iko na papier sasa."

Nilipomaliza, mama alisogea karibu. Kisha akainamisha kichwa upande anaosikia vizuri.

"Na kuludi?"

"Kurudi wapi, mama?"

"Ulisema yule muyobozi alisema siku ile ile iludi kwa uani yao. Iko wapi hapo? Mimi sikusikia."

Nikasoma tena. Nikasoma kimya, halafu kwa sauti, nikigusa kila mstari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kitatolewa uani Jumanne: ipo. Aina yake: ipo. Mwendeshaji, abiria, mikanda, barabara zote hadi jina la kona: vipo. Kurudi hakupo. Mzee Gasana, anayeongeza nukta kwenye ahadi za watu, ameruka sentensi nzima.

Bonifasi aliweka kikombe chini.

Mama hakucheka. Alianza kuvua mtandio, akaukunja vizuri, akanikabidhi niupige pasi kwa ajili ya Jumanne. Akamwambia Bonifasi aje mapema, kwanza amchukue Felisita na Anasteri, yeye awe wa mwisho, kwa sababu anataka wamwone anavyofika.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyoamua, na ninaandika ili nisijibadilishe usiku. Jumanne guta linatoka. Litawaleta wote, wawili wawili, mpaka yule afisa apate sura za kutosha. Na likishamshusha mama nyumbani, litalala hapa hapa kichochoroni, penye upana wa kiganja kila upande.

Wakitaka lirudi uani, waniletee karatasi. Yenye muhuri.